Mrejesho: ile kamera yangu inayogonga ndani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kamera yangu inagonga ndani nikiitikisa ikiwa imezimwa, na kwa nini nikiiwasha inavuma kama mbu wa mbali. Nilishaihesabu imekufa, kumbe nzima kabisa.

Nilifanya jaribio mliloniambia: nikaiwasha, nikaiinamisha taratibu huku na huku karibu na sikio. Kugonga kukakoma palepale. Nikaizima, “tk, tk” ikarudi. Kumbe kihisi cha picha (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha) hakijakazwa kwa skrubu. Kinaelea, na sumaku za umeme ndizo zinazokishika na kukisogeza kinyume na mtetemo wa mkono. Umeme ukikatika kinalegea na kugonga kingo zake. Ule mvumo ndio kazi yenyewe ikiendelea.

Nilipoivua lenzi nayo ikagonga peke yake! Moyo ulinipasuka kidogo, kisha nikakumbuka ina kioo chake cha ndani kinachoelea vilevile.

Kero iliyobaki ni video: chumba kikiwa kimya, maikrofoni ya ndani inanasa ule mvumo. Kwenye stendi ya miguu mitatu nazima kitulizaji (huo mfumo wa kupinga mtetemo), mvumo unapungua sana. Fundi sijampelekea.