ETI MAJI YATAZOEA!!! Yule wa kofia nyeupe leo kanimaliza

Jamani naandika nikiwa na mopu mkono mmoja na simu mkono mwingine, herufi zikikosewa mtanisamehe, hasira imenikaba mpaka kooni. Yule jamaa wa kofia nyeupe, msimamizi wa jengo letu hili jipya, sina haja ya kumtaja jina mnamjua wote, yule ambaye funguo zake zinafika kabla yeye mwenyewe hajafika, katoka kwangu dakika kumi hazijaisha na neno aliloniachia ni hili: "Maji yatazoea tu, dada."

Maji. Yatazoea.

Huku gorofa ya 14 huu ni mwezi wa pili tangu nihamie na bafu langu lina tundu la kutolea maji ambalo lipo mlimani. Sakafu nzima ipo bondeni afu tundu limekaa juu peke yake kama chifu, maji yanalizunguka, yanalisalimia, yanatoka mlangoni yanaenda chumbani kwangu. Mimi naoga dakika tano nadeki dakika arobaini. Mbao za sakafu ya chumbani zimevimba mpaka kabati halifunguki, yaani nguo zangu za kazini zimefungiwa ndani kama mahabusu.

Nimeomba aje wiki tatu. Leo kaja, na viatu vyake vina zege kavu, kapanda nazo mpaka kwenye zulia, sikusema kitu, nikasema acha ashughulike na shida yangu kwanza. Nikachukua gololi ya mwanangu nikaiweka pembeni ya lile tundu mbele ya macho yake. Gololi ikakaa kidogo, ikajitikisa, ikaanza kuserereka taratiibu, ikapita sinki, ikavuka kizingiti, tukawa tunaifuata wote wawili kama tunasindikiza mgeni, ikaingia chini ya kitanda. Akainama akachungulia. Akasimama. Akajipangusa magoti. Afu ndo akasema maji yatazoea.

Sasa nimuulize nani, maji yanazoeaje? Yatafundishwa kupanda mlima? Mimi nimelipia nyumba mpya, na sizungumzii hata mlango wa bafuni unaogonga sinki kabla haujafunguka nusu, sizungumzii swichi ya chumbani iliyowekwa nyuma ya mlango, wala marumaru za koridoni ukizigonga kwa ufunguo zinalia kama debe tupu, wala matone ya rangi kwenye vioo vyote utadhani walipaka kwa kurusha. Hayo nimeyanyamazia. Ila kuniangalia usoni mtu mzima na kuniambia maji yatazoea??

KITASA KIMEGOMA: Dada pole ila nimecheka mpaka nimepaliwa. Ilivyofika kwa gololi nilijua kabisa kuna neno linakuja.

MAMA PACHA: Huyo huyo! Mimi aliniambia harufu ya bafuni ni ya "upya". Miezi mitatu nyumba inanuka mtaro, upya gani huo jamani.

FUNDI TIMAZI: Dada kasoro yako sio ya marumaru, ni ya chini ya marumaru. Mwinamo unatengenezwa kwenye lile tabaka la mchanga na saruji, ndo skridi hiyo, kila mita moja ishuke sentimita moja hadi mbili kuelekea kwenye tundu. Hapo kwako fundi bomba kaacha bomba limesimama juu, aliyemwaga skridi akamwaga tambarare, wa marumaru akakuta hivo hivo na yeye analipwa kwa mita za mraba, unadhani atasimama kubomoa kazi ya mwenzake bure? Kabandika akasepa. Pimamaji ya nusu mita ingewaumbua wote watatu ndani ya dakika moja. Na wewe mama pacha, chini ya tundu kuna kikombe kinatakiwa kikae na maji kama sentimita tano, ndo yanazuia harufu. Kama bafu halitumiki yanakauka, mimina maji. Ukimimina na bado linanuka basi kikombe hakikuwekwa kabisa.

MAMA PACHA: Nimemimina ndoo mbili sasa hivi. Bado.

FUNDI TIMAZI: Basi hakikuwekwa.

JIRANI MPOLE: Mwenye uzi na wewe acha kulia, si ulikagua kabla ya kusaini kuchukua funguo? Mtu hata maji hakufungulia anakuja kutulilia huku.

MWENYE UZI: Nilifungulia wapi wakati siku ya funguo maji yalikuwa hayajaunganishwa!! Na aliyesema "yakija yatakuwa sawa" ni nani? Ni huyo huyo wa maji yatazoea. Usinitibue zaidi.

DARI LINALIA: Samahani dada yangu, wewe upo upande wa ngazi au upande wa lifti?

MWENYE UZI: Ngazi.

DARI LINALIA: Basi mimi nipo chini yako. Hayo maji kwangu yalishazoea zamani, yanashukia kwenye taa ya bafuni. Taa ina maji nusu kama bakuli.

FUNDI TIMAZI: Kaka kazime hiyo saketi ya taa SASA HIVI, usiguse swichi ya ukutani, nenda kwenye boksi la breka. Kusoma utaendelea baadae.

DARI LINALIA: Nimezima. Ila kwenye boksi breka hazijaandikwa majina, imebidi nizime nyumba nzima. Naandika gizani.

FUNDI TIMAZI: Afadhali giza. Hapo ina maana lile jaribio la maji halikufanyika. Bafu kabla halijawekwa marumaru unapaka dawa ya kuzuia maji, unaziba tundu, unajaza maji unayaacha saa 24, kesho yake unashuka gorofa ya chini unaangalia dari. Likiwa kavu ndo unaendelea. Hapo kwenu inaonekana mkaguzi wa dari ni wewe kaka.

MSOMAJI WA USIKU: Wakuu kazi mbovu isichukuliwe kama kero ya kudeki tu. London mwaka 1968 kulikuwa na jengo linaitwa Ronan Point, gorofa 22, watu wamehamia miezi miwili tu, gesi ikalipuka gorofa ya 18, kona nzima ya jengo ikaporomoka na watu 4 wakafa. Ramani yenyewe ilikuwa na udhaifu, ila walipokuja kulibomoa 1986 wakakuta kwenye baadhi ya maungio ya kuta kumejazwa magazeti mahali pa zege. Na Sydney mwaka 2018 Opal Tower, jengo jipya la mwaka huo huo, lilipasuka mkesha wa Krismasi wakazi wakatolewa nje.

MWENYE UZI: Mkuu unataka nisilale? Mimi nimesema tundu.

KITASA KIMEGOMA: Leo hulali, unadeki.

RELI: Kwa kuwa tumefika huko, kuna mtu kashika reli ya balkoni yake? Yangu inacheza. Boliti nne, mbili hazina nati. Nimemwambia yule wa kofia akaja akaitikisa, akasema "usiiegemee". Reli!! Kazi ya reli nyingine ni ipi?

MAMA PACHA: Mungu wangu. Mimi wangu wanakimbizana hapo hapo. Ngoja nikafunge huo mlango.

FUNDI TIMAZI: Piga picha hizo boliti, andika barua, weka tarehe, baki na nakala iliyosainiwa. Nyote. Mkandarasi kwa kawaida anakuwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, kasoro anarekebisha kwa gharama zake na kuna sehemu ya hela yake inazuiliwa mpaka amalize. Maneno ya kwenye ngazi hayahesabiki.

MWENYE UZI: Kwa hiyo hata maji yatazoea ningempa karatasi aandike na kusaini?

FUNDI TIMAZI: Ungekuwa ushahidi mzuri sana.

GHOROFA YA JUU KABISA: Nyie mna maji mnalalamika? Huku juu bomba la mvua linatoa mate.

GHOROFA YA PILI: Kwetu huku chini yanatoka kwa hasira mpaka koki ya jikoni iling'oka ikapiga dari.

FUNDI TIMAZI: Ni ugonjwa mmoja. Kila mita 10 unazopanda unapoteza baa moja ya presha. Juu panataka pampu ya kusukuma, chini panataka vali ya kupunguza. Hapo wameweka tangi juu wakaenda nyumbani.

GHOROFA YA JUU KABISA: Pampu ipo. Nimeiona mwenyewe, bado imo kwenye boksi lake.

JIRANI MPOLE: Tuongelee lifti basi maana hiyo ndo inatugusa wote. Ile plaiwudi ya ndani itatolewa lini? Nusu mwaka tunapanda sanduku.

RELI: Ile iliwekwa kuta zisikwaruzwe wakati watu wanahamisha vitu.

JIRANI MPOLE: Sasa nani bado anahamisha? Imeshaandikwa kila kona, namba za mafundi, za wauza pazia, kuna ya mtu anaosha makochi.

DARI LINALIA: Huyo wa makochi yupo vizuri, alikuja kwangu wiki iliyopita.

MAMA PACHA: Na magodoro anaosha?

DARI LINALIA: Nadhani. Namba yake ipo upande wa kushoto, chini ya vitufe, kwa kalamu nyekundu.

MAMA PACHA: Nashuka kuinakili. Lifti inafanya kazi saa hizi?