Nipo Bonn hadi Agosti, wikiendi niende wapi?

Wakuu habari zenu, nipo Bonn Ujerumani kwa kozi ya lugha, wikiendi nashinda chumbani tu na roho inaniuma maana sijui nitarudi lini tena huku. Bajeti ndogo. Nianzie wapi?

Kaka wa Köln
Karibu ndugu. Kata Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayojirudia yenyewe, treni zote za mkoa unapanda mwezi mzima, ila ICE, zile treni za mwendo kasi, usiingie nayo. Na uifute kabla ya tarehe 10, la sivyo wanakukata hela ya mwezi unaofuata. Jumamosi njoo Köln, nusu saa tu, ukitoka stesheni kanisa kuu hilo hapo mbele yako, panda mnara ngazi 533, mapaja yatawaka moto lakini ukifika juu unauona mto Rhine na madaraja yake, mimi nilikaa kule hadi jasho likakauka.

Dada Mwanga
Kilima cha Drachenfels pia, pale Königswinter karibu na Bonn, urefu mita 321, panda kwa miguu. Maji na mkate nunua Jumamosi, Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, mwenzio nilishinda njaa.

Muulizaji
Asanteni sana jamani, Jumamosi hii Köln. Mnara una kiingilio?

Kaka wa Köln
Kipo, beba kitambulisho cha mwanafunzi upate punguzo.