Wapuritani wa Massachusetts: mume na mke wanashtakiwaje kwa uasherati?

Kasha_la_Kale:
Wakuu, napitia kumbukumbu za mahakama za Massachusetts, karne ya 17. Kila mara nakutana na watu waliooana kihalali, halafu mtoto akizaliwa wanapigwa faini ya uasherati. Uasherati gani tena? Na kama Wapuritani, wale Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, waliona tendo la ndoa ni uchafu, mbona kanisa la Boston lilimtenga muumini aliyemnyima mkewe unyumba?

Mwanasheria_Mstaafu:
Mkuu, walihesabu miezi. Kosa lilitendeka kabla ya ndoa, na ndoa haikulifuta. Makanisa kadhaa yaliweka mpaka wa miezi saba tangu harusi. Mtoto akiwahi, wazazi waliungama mbele ya waumini wote, la sivyo habatizwi.

Fuata hatua zao za kuoana. Kwanza, ridhaa ya wazazi: sheria ya 1647 ilimtoza anayemrubuni binti bila ruhusa ya baba yake pauni 5, akirudia pauni 10. Pili, mkataba wa uchumba. Tatu, tangazo: mara tatu kwenye mkutano wa hadhara, au karatasi inabandikwa siku 14. Mwisho, hakimu anafungisha ndoa.

Mambo yaliharibika hapo katikati. Wakishawekeana mkataba, wengi walijiona nusu wameoana, na sheria yenyewe iliwaona hivyohivyo. Plymouth, koloni jirani, wasio na mkataba walitozwa pauni 10 kila mmoja au viboko. Wachumba shilingi 50, yaani robo tu, maana pauni moja ni shilingi 20. Ila mkataba ulikuwa na makali upande wa pili: kwa sheria ya Massachusetts, msichana aliyeposwa akilala na mwingine, kosa si uasherati tena. Ni uzinzi, na adhabu yake kitanzi.

Bi_Nyaraka:
Huyo aliyetengwa ni James Mattock, 1640. Kati ya makosa yake, alimnyima mkewe unyumba miaka miwili. Hapo hakuna utata wowote. Kwao ndoa haikuwa sakramenti, ilikuwa mapatano, na unyumba ni sehemu ya mapatano, haki ya mke sawa na ya mume. Mume asiye na nguvu za kiume, ndoa iliweza kubatilishwa. Connecticut, koloni jingine la Wapuritani, mwaka 1667 iliruhusu talaka kwa uzinzi, udanganyifu katika mkataba, au kutelekezwa miaka mitatu, wakati kule Uingereza mahakama za kanisa zilikutenganisha tu bila ruhusa ya kuoa tena.

Walichokiogopa ni mtu kumpenda mwenzake kuliko Mungu. Mwili wenyewe haukuwa tatizo.

Kasha_la_Kale:
Mbona hakimu, si mchungaji? Watu wa dini namna ile!

Bi_Nyaraka:
Kwa sababu ya dini hasa. Hawakuona katika Biblia mahali ambapo kufungisha ndoa ni kazi ya mchungaji. Ndoa ya kwanza Plymouth, ya Edward Winslow na Susanna White mwaka 1621, ilifungwa kiserikali. Massachusetts iliwaruhusu wachungaji mwaka 1692.

Mwanasheria_Mstaafu:
Niongeze kuhusu uzinzi, maana wengi wanakosea hapa. Ulipimwa kwa hali ya mwanamke. Mume wa mtu akilala na msichana asiyeposwa, huo uliitwa uasherati tu. Upendeleo wa wazi, sitautetea. Mary Latham na James Britton walinyongwa Boston mwaka 1644. Baada yao majopo ya wazee wa mahakama yalikwepa kitanzi kwa kuwatia watu hatiani kwa kosa dogo zaidi. Sheria ya 1694 ikaweka saa moja juu ya jukwaa la kunyongea na kamba shingoni, viboko visivyozidi 40, na herufi A ya inchi mbili kwenye nguo, kwa kitambaa cha rangi tofauti.

Bi_Nyaraka:
Kasha, kabla hujamhukumu mtu, angalia kalenda. Mwaka wao ulianza 25 Machi, na mara nyingi miezi waliiandika kwa namba: mwezi wa 1 ni Machi, wa 12 Februari. Ukikuta ndoa ya 10 Aprili 1651 na mtoto wa 2 Februari 1651, mtoto hakutangulia harusi, maana Februari 1651 yao ni Februari 1652 yetu. Kazaliwa karibu miezi kumi baadaye, na wazazi wake hawana kesi.