Apatimenti za kulala kwa siku: mwenye gesti anakaguliwa hadi chooni, hizi nyingine hazina mwenyewe?

Wakuu, naandika saa kumi na moja alfajiri, muziki wa jirani ndio kwanza umezimwa na sijalala. Nikikosa adabu mahali, mnivumilie.

Nina apatimenti ghorofa ya pili hapa Dar, kwenye jengo la kaya kumi na mbili. Mtaa sitaji, mtendaji wetu najua anachungulia humu. Nimenunua kwa mkopo wa benki wa miaka 15, nimelipa minne. Tulipohamia, siku ya tatu tu mjumbe aligonga na daftari lake: mnaitwa nani, mmetoka wapi, mko wangapi, dada wa kazi ana kitambulisho? Sikuchukia. Nikajisemea, hapa nimehamia mahali penye wenyewe.

Sasa hiyo nyumba tunayotazamana milango. Mwenyewe yuko nje ya nchi, funguo kamwachia dogo mmoja anayesimamia nyumba kadhaa za namna hiyo. Tangu mwaka jana inalaza watu kwa siku. Tangazo lake nililiona WhatsApp kwa macho yangu: vyumba viwili, kiyoyozi kila chumba, maegesho, jenereta, halafu mwisho kaandika "hakuna maswali". Hakuna maswali! Kwenye ngazi wanazopita watoto wetu.

Kwenye nondo ya ngazi kafunga kiboksi cha namba, ndani kuna ufunguo. Mgeni anatumiwa tarakimu nne kwenye simu, anafungua, anaingia. Mwenyeji hamwoni mgeni, mgeni hamwoni mwenyeji. Hizo namba hazijabadilishwa tangu kiboksi kifungwe. Mwanangu wa darasa la tano anazijua, kazikariri kwa kuwaona watu wakibonyeza.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Dodoma kikazi. Saa nane usiku mama watoto ananipigia, ananong'ona: kuna mtu anachokonoa kitasa chetu. Ufunguo unaingia, unagoma, unatoka, unaingia tena. Nje wanaume watatu au wanne wanacheka. Nampigia mlinzi, simu inaita tu. Mke wangu akasukuma kabati la viatu mpaka mlangoni, akalikalia, mtoto mdogo kifuani. Dakika ishirini nzima mimi niko kitandani Dodoma nasikiliza pumzi zake.

Kumbe ni wageni wa jirani, wamelewa, wamekosea mlango. Asubuhi mmoja akaja kuomba radhi, kijana mstaarabu kabisa, nikaambiwa. Sawa. Na angekuwa si mstaarabu? Jina lake lilikuwa limeandikwa wapi?

Mambo ya maji nilikuwa nimeshayameza. Bili tunagawana sawa kwa sawa, kwa hiyo wakijazana watu tisa humo na bethidei yao, Jumapili asubuhi tangi limekauka na sisi wa kanisani tunaoga kwa kopo, na mwisho wa mwezi tunawalipia.

Jumatatu nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji alinisikiliza vizuri, hapo simlaumu. Jibu lake: "Mzee wangu, ile ni nyumba ya makazi. Ingekuwa gesti ningekuja hata leo." Nikamuuliza, nyumba inalaza mtu mpya kila usiku kwa pesa, sasa gesti ni ipi? Akasema gesti ni ile yenye leseni ya gesti. Yaani ukikata leseni unakaguliwa, usipokata hukaguliwi kwa sababu huna leseni! Nikaenda manispaa. Wa biashara wakanielekeza mipango miji, mipango miji wakasema hayo ni ya watu wa utalii, mwishowe nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Imegongwa muhuri wa kupokelewa, wa bluu, umekolea vizuri.

Mtaa wa pili kuna mama ana gesti ya vyumba vinane. Jioni ile nilimpitia. Akanitolea daftari lake: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, chumba namba ngapi, saini. Polisi wakija usiku wanalipitia mstari kwa mstari. Leseni analipa, ushuru wa nyumba za wageni analipa, bwana afya anaingia hadi chooni, wa zimamoto wanakuja kusoma tarehe ya mtungi. Akaniuliza, "Baba, hivi nikikishusha kile kibao cha nje nikapaita apatimenti, si nitapumzika?" Nikabaki nacheka kwa aibu.

Na msiniambie serikali haina namna ya kujua. Agosti 2021 kodi ya jengo iliingizwa kwenye LUKU, mpaka leo mpangaji wa chumba kimoja akinunua umeme anakatwa kodi ya nyumba isiyo yake. Pesa ikitafutwa, kila mlango unajulikana ulipo. Ikitafutwa amani ya mke wangu, "ile ni nyumba ya makazi".

Nairobi walisubiri damu. Januari 2024, ndani ya wiki mbili, wanawake wawili waliuawa kwenye nyumba za aina hii, mmoja South B, mwingine Roysambu. Hapo ndipo wenye nyumba walipoanza kubanwa wajisajili. New York tangu Septemba 2023 huwezi kulaza mgeni chini ya siku 30 bila kujisajili na jiji, tena uwe unaishi humo humo, na wageni wasizidi wawili. Mimi sitaki tufike huko. AFCON 2027 hiyo inakuja, watu watahitaji pa kulala, na vijana wengi wanapata ugali kwa kazi hii. Ninachotaka ni daftari lile lile la yule mama, namba ya leseni kwenye tangazo, na mtu mwenye jina anayepokea simu saa nane usiku.

Wale wa "mali yake, aifanye atakavyo" nawasubiri. Ukinunua ghorofani umenunua pamoja na wenzako ngazi, geti na tangi, ndiyo maana kuna sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo na kuna umoja wa wamiliki. Wa kwetu, kusema kweli, umebaki jina. Kikao cha mwisho tulikuja wanne, na mmoja wetu alikuwa yule dogo wa funguo, kamwakilisha bosi wake. Na soda alikunywa.

Swali langu: kuna yeyote ambaye halmashauri yake ina sheria ndogo inayozitaja hizi nyumba waziwazi? Atuwekee ukurasa hapa niupige chapa, nimpelekee mtendaji mkononi.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Mdau aliyenishauri nibadilishe kitasa, nimebadilisha, elfu 85 imenitoka kwa kosa lisilo langu. Kiboksi bado kipo. Nimerudi kazini, mwanangu kanipokea mkoba mlangoni: "Baba, wamekuja wengine. Walikuwa wanakosea namba, nikawatajia."