Kuingia kwa hatua mbili kwenye programu ya uhasibu: nianze na nani?

Msimamizi_Mpya: Wakuu, naomba msaada. Nasimamia programu ya uhasibu yenye watumiaji kama 40. Uongozi umekubali kila mtu aingie kwa hatua mbili (nenosiri, kisha namba ya uthibitisho), ila wanataka namba hiyo ije kwa SMS kwa kuwa watu wameizoea. Mimi nasita. Halafu watu wa stoo wana akaunti moja wote, na baadhi hawana simu janja.

Fundi_Mifumo: Una sababu ya kusita, mkuu. SMS inafuata laini, haifuati simu. Tapeli akifanikiwa kuhamishia laini ya mhasibu kwenye kadi yake, namba zote zinamwendea yeye. Tumia programu ya uthibitishaji ya kwenye simu: mtu anaskani msimbo wa QR mara moja tu, kisha anapata tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, hata bila intaneti. Mtu akilalamika namba zinakataliwa, kagua kwanza saa ya simu yake, maana namba hizo hukokotolewa kwa saa.

Anza na wasimamizi na wanaoidhinisha malipo. Msimamizi asiwe mmoja. Akipoteza simu, nani atamfungulia?

Ila jambo ninalokusihi ulimalize kabla ya yote ni hili: mtu akipiga simu akasema "nimepoteza simu, niondolee hatua ya pili", mtafanya nini? Wadukuzi hupenda kupitia hapo, kwa sauti ya upole na haraka nyingi. Andikeni utaratibu: kata simu, mpigie wewe kwa namba iliyo kwenye kumbukumbu za ofisi, na mkuu wake athibitishe. Hata akiwa mkurugenzi. Na kila mtu apewe namba za akiba (za kuingilia akikosa simu) siku ya kujisajili, azihifadhi mbali na simu.

Dada_Mtandao: Kwa stoo, kila mtu awe na akaunti yake, la sivyo hutajua nani aliingiza nini. Wasio na simu janja wape ufunguo wa usalama, yaani kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kama programu yenu inaukubali. Ufunguo huo hukagua anwani ya tovuti, kwa hiyo kwenye ukurasa bandia hautoi kitu.

Msimamizi_Mpya: Asanteni sana. Na ile ya kubonyeza tu "Kubali" kwenye simu?

Fundi_Mifumo: Hapana, mkuu. Mwenye nenosiri la wizi hutuma maombi ya kuingia mfululizo usiku hadi mtu achoke abonyeze. Kama lazima, chagua ile inayomtaka aandike namba anayoiona kwenye kompyuta.