Nani aikague ndege iliyotumika kabla sijailipia?

Mnunuzi wa Pwani:
Ndugu mafundi na marubani, ninaomba ushauri wenu. Nimepata Cessna 172N ya mwaka 1978 inayouzwa huku Malindi. Mwenyewe ni mzee ninayemheshimu, na ameniambia wazi kwamba haijaruka kwa miaka 3. Injini ina saa 900 tangu ifanyiwe matengenezo makuu, na kwa kuwa Lycoming, watengenezaji wa injini hiyo, wameiwekea kikomo cha saa 2,000, niliona nimepata bahati. Mzee anataka ikaguliwe na fundi wake, aliyeihudumia miaka yote, nami ninaona haya kumkatalia. Je, nikubali? Na kasoro zikionekana, gharama itakuwa ya nani?

Fundi wa Hanga:
Usikubali, ndugu yangu, hata kama fundi huyo ni mwaminifu kabisa, kwa sababu utakuwa unamwomba akosoe kazi yake mwenyewe mbele ya mteja wake. Mlipe fundi mwingine mwenye leseni, anayeifahamu 172, ambaye hajawahi kuigusa ndege hiyo.

Saa 900 zisikupumbaze. Lycoming hao hao wanataka injini ifanyiwe matengenezo makuu ikitimiza miaka 12 hata kama saa hazijafika, kwa hiyo tazama kwanza tarehe. Kinachonitia hofu zaidi ni ile miaka 3 kando ya bahari. Injini ya 172N ni O-320-H2AD, ambayo inajulikana kwa kulika kwa kamshafti (mhimili wenye nundu unaofungua vali) na tapeti (vipande vinavyosukumwa na nundu hizo), na kamshafti yenyewe imekaa juu ya kranki (mhimili mkuu unaozungusha propela), hivyo injini isipowashwa oili huteremka na kuiacha wazi kwa unyevu na chumvi. Habari njema ni kwamba tapeti za injini hii huchomolewa kwa nje bila kuipasua injini. Fundi azitoe, azipangilie mezani kwa mpangilio wake, azitazame nyuso zake kwa kioo cha kukuza, kisha aingize kamera ndogo kwenye matundu aione kamshafti. Ukiona vishimo vya kutu, hesabu bei ya injini nzima.

Kipimo cha mgandamizo wa silinda hakitakuonyesha ugonjwa huo, ingawa ni cha lazima. Hewa huingizwa kwa psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba), na silinda ikishuka chini ya 60 ni ya kutiliwa shaka. Sikiliza hewa inakovujia: ikivuma kwenye ekzosi, tatizo ni vali ya kutolea moshi, ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni.

Rubani Mstaafu:
Naunga mkono, na ninaongeza kwamba siku ya kwanza isifunguliwe skrubu hata moja, bali visomwe vitabu vya kumbukumbu za mwili wa ndege, injini na propela, na namba za kwenye vibao zilinganishwe na za kwenye vitabu. Mwulize fundi mahususi kuhusu agizo la FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) namba 2011-10-09 la reli za viti, kwani matundu ya reli yakilika, kiti huweza kurudi nyuma ndege inapopaa na rubani akajikuta ameuvuta usukani. Mimi niliwahi kununua ndege bila kufunguliwa vifuniko vya chini ya mabawa. Baadaye tulikuta kiota cha panya ndani, na pale mkojo ulipotuama bati lilikuwa limegeuka unga mweupe. Nililipia bati hilo mwenyewe.

Kuhusu gharama, andikianeni kabla ya ukaguzi: kasoro inayoizuia ndege kuruka kisheria airekebishe muuzaji au apunguze bei, la sivyo urudishiwe arubuni yako yote. Kasoro za rangi na vitambaa vya viti utazigharimia wewe.

Mnunuzi wa Pwani:
Nashukuru sana. Mzee amekubali fundi wa nje, ila anapendekeza ndege irushwe hadi uwanja wa Wilson, Nairobi, ikakaguliwe huko.

Fundi wa Hanga:
Hapana. Fundi ndiye aje Malindi. Na kwa kuwa kipimo cha silinda huhitaji injini yenye joto, kamshafti itazamwe kwanza, kabla mtu yeyote hajaiwasha.