Kasa akinasa kwenye jarife: mliowahi kuvua tupeane uzoefu

BahariaMstaafu: Wakuu, leo nimepita Feri, soko la samaki Dar, kutafuta vibua nikakuta jamaa wanashona jarife, ile nyavu ya macho makubwa ngumi inapita, nikamkumbuka noa wa Kilwa, yule kasa mkubwa. Sijawahi kumsimulia mtu.

Ilikuwa kusi inaishia, tumetega magharibi, alfajiri tunavuta. Tuko wanne, nahodha mjomba wangu. Jarife likawa zito tukafurahi, tukajua papa huyo, mmoja wetu ashaanza kupiga hesabu ya deni la dukani. Kikaibuka kitu cheusi kina madoadoa meupe, kipana kuliko dau lenyewe, hakina gamba gumu kama kasa wengine, mgongoni matuta marefu yameshuka mpaka mkiani, nikagusa nikasikia kama tairi la lori lililolowa. Nyuzi zimemwingia shingoni na kwenye mkono wa kulia mpaka nyama inaonekana. Watu wanadhani kasa ni wa majini basi hafi maji, kumbe anavuta hewa kama mimi na wewe, akizuiwa chini usiku kucha ndo basi. Kichwa kilipotoka nje akapumua mara moja, wallahi kama mzee anayeshtuka usingizini. Mjomba akasema kata. Sasa lile jarife la tajiri, la mkopo, halina hata miezi mitatu, mi nikasema mjomba tumfungue taratibu, tukahangaika kama nusu saa tunaokoa nyavu huku dau linataka kupinduka. Mwisho mjomba akaninyang'anya kisu akakata mwenyewe, shimo la kupita punda. Noa akashuka. Hakuogelea, alishuka tu. Tajiri alitukata msimu mzima lakini kinachoniuma ni ile nusu saa.

mamantilie_bgy: Pole kaka. Hiyo nusu saa nimeisoma mara mbili.

KibuaMkavu: Mnamlilia kasa, jarife nani kalilia? Mi langu aliliharibu kasa nikakaa wiki mbili nyumbani naangalia dari.

watamu_kwetu: Huku Watamu, Kenya, akinasa twapigia watu wa Local Ocean, wale wanaookoa kasa, waja wampima, wamvisha namba, warudi kumwachilia baharini, nawe wapewa kitu kidogo cha kukufuta jasho. Mambo haya yako tangu 1998.

KibuaMkavu: Kitu kidogo kinanunua jarife?

watamu_kwetu: Hakinunui. Lakini ni afadhali kuliko dari yako.

fundi_simu: Noa si ndo huyo wa magamba ya kutengenezea vitana na bangili?

Duvi77: Huyo ni ng'amba bana! Noa hana magamba, ni ngozi tu, na ndo mkubwa kuliko kasa wote. Chakula chake yavuyavu, wale laini wanaoelea kama nailoni, ndo maana hata mfuko wa plastiki anaumeza. Kwetu hatagi, anataga huko KwaZulu-Natal na kusini mwa Msumbiji, huku anapita tu njia zake. Mi niliwahi kunasa duvi, kasa wa aina nyingine, ana kipini cha chuma mkononi kimeandikwa namba na anwani ya Afrika Kusini, nikabaki nakishangaa, huyu katoka kote huko aje kufia kwenye nyavu yangu ya mkopo?

fundi_simu: Alikufa?

Duvi77: Alikufa.

shkamoo_tu: Si mngegawana nyama jamani, kilo zote zile mnaziachia maji 😂

BintiMkoani: Usicheke ndugu yangu. Machi 2024 Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, watu walikula kasa, wakafa watoto 8 na mtu mzima 1, na zaidi ya 70 wakalazwa. Miye nilikuwa Mkoani wiki ile, ukisikia gari tu moyo unapiga. Sumu ile haitoki kwa ndimu wala kwa kuchemsha.

mamantilie_bgy: Innalillahi. Kwa hiyo kasa wote wana sumu?

BintiMkoani: Si wote, na kumtazama hujui yupi anayo. Ndo ubaya wake.

shkamoo_tu: Nimefuta kicheko. Ila babu yangu kala kasa maisha yake yote na hajawahi hata kuharisha.

BintiMkoani: Babu yako ana bahati, usiifanye kuwa dawa.

BahariaMstaafu: Jamani mada yangu ni nyavu.

Duvi77: Haya, nyavu. Ukimtoa amelegea usimtupe baharini, anaweza kuwa kazimia tu. Mlaze kifudifudi, nyuma umwinue kidogo maji yatoke mapafuni, mfunike kanga iliyolowa ila pua uache wazi, kaa naye masaa, hata siku nzima.

mzee_wa_tanga: Sisi tulikuwa tunamlaza chali tunammwagia maji.

Duvi77: Shikamoo mzee, chali ndo mnammaliza kabisa.

KibuaMkavu: Na noa wa kilo 400 unampandishaje kwenye dau? Mwite aje na ngazi.

fundi_simu: Nilisoma Peru walifunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu, kasa waliokuwa wananasa wakapungua sana na samaki wakabaki vile vile.

KibuaMkavu: Huku taa hizo zitaibiwa kabla kasa hajaziona. Na zile meli za ndoano maelfu kwenye kamba moja huko kina kirefu, mbona hamzitaji? Kila siku mvuvi wa dau tu.

watamu_kwetu: Hapo sikupingi.

mzee_wa_tanga: Mwanangu, bei ya vibua Feri leo?

BahariaMstaafu: Marahaba ya kwanza sijaipata mzee 😅 shikamoo. Bei hata sikuuliza. Nilisimama pale kwenye jarife mpaka wale jamaa wakadhani nataka kuiba.